Sehemu ya Pili

Mchana kweupe, Ruthu alifunga mlango na dirisha ili aitazame filamu ambayo yeye mwenyewe, mlezi wa vijana kanisani, aliahidi kuichoma Jumapili pamoja na flashi zote walizosalimisha.

Alijiambia anaikagua tu. Filamu yenyewe ilikuwa ovyo. Mzuka kijana, uso mweupe kama ametoka mashine ya kusaga, alimpenda msichana wa bweni, na kila akitamka neno la mapenzi jino lake la bandia lilicheza. Ruthu alilicheka lile jino. Kisha mzuka akaaga, jino likacheza tena, na Ruthu akajikuta analia. Filamu ikaishia hapo hapo.

Hodi ikapigwa. Aliichomoa flashi ingali ya moto, akaificha kwenye mkunjo wa kitenge.

Mlangoni alisimama binti wa kwaya aliyeileta ile filamu, macho mekundu.

"Shikamoo mama. Nilikudanganya. Nilikupa sehemu ya kwanza tu." Akafumbua kiganja. "Ya pili hii hapa. Naomba uichome nayo. Usiku silali."

Ruthu alisahau hata kuitikia marahaba. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshapokea.