Mtumiaji wa Kwanza

Sheria mpya ilipoanza, mfumo endeshi wa kila kifaa ulilazimika kumwonyesha mtumiaji yote yaliyomo kwenye kumbukumbu: kilitengenezwa wapi, kiliwashwa lini, kilimtumikia nani. Kombo alifungua simu wakati wa chai, akasoma habari za moyo wa bandia uliokuwa kifuani mwake. Mtumiaji wa kwanza alikuwa kaka yake Haruni, aliyefariki wiki ileile Kombo alipopasuliwa.

Akamgeuzia mama yake simu. "Mama, uliniambia moyo huu ni mpya."

Bi Kidawa akaweka birika chini. "Zamani vifaa havikuwa vikisema mambo haya."

"Walipoutoa, Haruni alikuwa hai?"

"Alikuwa hazinduki, mwanangu. Walisema hatapona."

"Hapa pameandikwa sababu ya kuzimwa: ombi la familia."

"Nilikuwa na watoto wawili na moyo mmoja," mama akasema, akamsogezea kikombe. "Kunywa, chai inapoa."

Kombo akanywa. Alitamani moyo ushtuke, uende mbio, japo umuume. Ukaendelea kudunda taratibu, kama ulivyopangwa.