Kichungulio cha Jicho la Kushoto

Rayén aliitoa kamera hadi mlangoni pa duka, kwenye jua kali la Valparaíso, mji wa bandari wa Chile, akaitazama skrini. Hakuona kitu ila uso wake mwenyewe, na kile kitambaa kilichofunika jicho la kulia.

"Chukua kikinga jua, dada," muuza duka alimshauri. "Unakifunga juu ya skrini, picha unaiona na mbele yako unapaona."

"Na hicho kingine?"

Kilikuwa kichungulio cha kuchomeka nyuma ya kamera, chenye kikombe laini cha mpira. Rayén alikigeuza, akakibandika kwenye jicho la kushoto, hilo moja lililobaki. Duka na mtaa vikatoweka. Ikabaki bandari ya kule chini peke yake, angavu, hata jasho shingoni mwa kuli mmoja lilionekana.

Mwenzake wa kunasa sauti, aliyekuwa naye siku risasi ya mpira ya polisi ilipompofua Rayén jicho la kulia, alimsogelea.

"Acha wazimu, Rayén. Wapiga picha wenzako huchungulia kwa jicho moja, la pili likiwalinda. Wewe ukilifunika hilo, utajuaje polisi wanatokea wapi? Na maandamano ya makuli ni kesho."

Rayén hakuliondoa jicho. Mpira ulikuwa wa baridi, na ulimkaa sawasawa.

"Nifungie hiki," alimwambia muuza duka.

Kisha akanyoosha mkono nyuma, akapapasa mpaka akaupata mkono wa mwenzake, akaushikisha mkanda wa suruali yake mwenyewe.

"Ukiwaona, nivute."