Mtani wa Vanga

Bi Mejumaa alimtazama yule mzee mgeni akichovya hamri kwenye chai, akajiuliza: amtukane, au asimtukane?

Ilikuwa sikukuu ya wazee pale Msambweni, mwaka wa pili wa uhuru. Vijana walikuwa wamesema hakuna mzee atakayeshinda nyumbani peke yake, wakawakusanya wote, wakawapigia ngoma. Kila aliyepita mbele ya Bi Mejumaa aliinama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Basi, huyo anakwenda zake. Adabu tupu. Tangu watani wake wote wazikwe, hakuna aliyethubutu kumwambia hata kwamba kanga yake imechakaa.

Huyu mgeni, walisema, katoka Vanga. Watu wa Vanga na ukoo wa Bi Mejumaa walikuwa watani tangu enzi za mababu. Walitukanana hata matangani, na hakuna aliyenuna. Lakini kama si wa huko, atakuwa amemvunjia mgeni heshima mbele ya watu.

"Wewe," alisema. "Kwenu Vanga hakuna chakula? Umekuja kutumalizia mahamri, na meno yenyewe huna?"

Ngoma ikanyamaza.

"Bibi, taratibu," kijana mmoja alimnong'oneza. "Ni mgeni."

Mzee aliweka hamri chini. Akajifuta chai kidevuni kwa kiganja, polepole mno.

"Kumbe huyu hajafa?" aliwauliza vijana. "Mimi nimetoka kwetu alfajiri nikijua nakuja kumzika."

Bi Mejumaa alipangusa mkeka kando yake.

"Sogea huku," alisema. "Masikio yangu mazito, nami nayataka matusi yako yote."