Sare ya Kupandia Pembea

Siwatu alikunjua kitambaa cha maua ya zambarau juu ya meza ya fundi Makame. Wiki ijayo angesafiri kwenda ng'ambo kwa mwanawe, na siku ya kwanza kabisa wangekwenda kwenye bustani kubwa ya michezo.

"Kuna pembea inayopita ghorofa kumi," alisema. "Inazungushwa na umeme."

"Si ile yetu ya mbao ya Sikukuu, ya kusukumwa kwa mikono!" Makame alicheka. "Wewe na dada yako ndani ya sare zenu."

"Kidawa akipiga mayowe hata haijaondoka."

Huku akicheka, Makame alikikunja kitambaa mara mbili, kama alivyowakatia dada hao wawili kila Idi tangu usichana wao. Alikwisha kuchora kwa chaki ndipo mkono ukasita. Kidawa walimzika mwaka jana.

"Nisamehe, Bi Siwatu. Ni mazoea."

Siwatu alikitazama kitambaa. Dukani naye alikuwa ameomba yadi za magauni mawili, bila kufikiri.

"Kata tu, fundi," alisema. "Mwanangu kasema viti vya kule ni vya watu wawili wawili."

Mkasi ukapita kwenye maua ya juu na ya chini kwa pamoja.