Mstari Mweusi Ukutani

Wanunuzi wa nyumba wangekuja kesho, na dalali alishamwambia Mama Sauda wazi: "Mama, huo mstari mweusi ukutani utawakimbiza." Ulianzia kitandani ukafuata korido hadi chooni, umeachwa na kulainishwa na kiganja cha mumewe, Mzee Athumani, akipapasa njia tangu alipopofuka. Mama Sauda akausugua kwa sabuni na jivu, wapi! Akachukua msasa, akaukwangua huku machozi yakimchuruzika, kisha akapaka chokaa.

Jioni mzee akaamka, akanyoosha mkono kama kawaida yake. Kiganja kikapapasa juu, kikapapasa chini. Akasimama.

"Mama Sauda," akaita kwa adabu ya mgeni, "hapa tuko kwa nani?"

Mkewe alikuwa bado ameshika ndoo ya chokaa. Mkono wa mzee ulibaki hewani, ukidondosha matone meupe sakafuni.