Mstari wa Rangi ya Kucha

Tulikuwa katikati ya mlima, mjukuu wangu akiendesha pikapu yake, kitukuu amelala mapajani mwangu, nilipoona geji ya joto ina mistari miwili myekundu.

Wa chini aliuchora fundi kwa rangi yangu ya kucha, siku alipofunga supachaja ya kuisukumia injini hewa. "Mshale ukigusa hapa, achia pedali ya mafuta," alisema. Sasa mstari huo ulikuwa umekwanguliwa, limebaki doa. Wa juu ulikuwa haujakauka vizuri.

Mshale ulikuwa kati ya mistari hiyo miwili.

"Mume wangu," nikamtania mjukuu kama kawaida, ila sauti haikutania, "nani kahamisha mstari?"

"Mimi, Bibi. Fundi mwoga tu. Ngoja kwanza tulipite lile lori."

Akakanyaga mafuta. Supachaja ikapiga mluzi.

Nikainua miguu, sakafu inaunguza. Kandambili moja ikabaki imenata sakafuni.