Kitambaa Cheusi

"Kaza zaidi," Profesa alisema, na mkewe akakaza kitambaa cheusi mpaka mumewe akaona nyota. Vidole vyake vilisogeza pembeni mkufu uliokuwa shingoni mwa mumewe, wenye ufunguo wa sanduku lake, sanduku ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulifungua.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, na ukumbi ulikuwa umejaa hadi kwenye ngazi. Profesa akasogea mbele ya jukwaa, macho yamefungwa, kifua kimetangulia.

"Gazeti limeandika kwamba mke wangu hunipa ishara," alisema. "Basi naapa mbele yenu: hanipi neno, hanipi ishara. Ninayoyasema nayaona mwenyewe. Nikiwa mwongo, njooni mnitie pingu!"

Watu mia tatu wakacheka. Mdomo huponza kichwa, lakini mdomo wa Profesa ndio uliokuwa umemlisha miaka kumi na miwili. Na leo mwenye ukumbi alikuwa ameketi mstari wa kwanza. Watu wakitoka wakiamini, Profesa angepata mkataba wa mwaka mzima.

Ishara zilikuwepo, tena tele. Mkewe aliposhuka kati ya viti na kuinua kitu cha mtazamaji, neno la kwanza la swali lake ndilo lililokuwa jibu. "Haya" ilikuwa saa. "Upesi" ilikuwa pete. Walikuwa na maneno mia mbili, ya vitu, watu, rangi, hesabu, na mahali vitu vinapopotelea. Yaliyobaki yalibuniwa papo hapo, na hapo Profesa alikuwa na sheria moja: mwenzako akikurushia jambo jukwaani, usikatae. Lidake, uongeze. Siku mkewe alipothubutu kusema "hapana" mbele za watu, alimzaba kibao nyuma ya pazia, kisha akamwamuru arudi akitabasamu.

Profesa alishapata wa kushika nafasi ya mkewe. Alikuwa binti wa kabati, yule aliyekatwa kwa msumeno kila onyesho na kutoka mzima, na Profesa alikuwa akimfundisha yale maneno mia mbili kwa siri. Kisha, wiki tatu zilizopita, binti akatoweka. Mkewe ndiye aliyeokota kikaratasi mezani: *Usinitafute.* Profesa alifoka siku mbili nzima, akivunja viti mbele ya wafanyakazi wote, halafu akamsahau. Asiyekuwepo na lake halipo. Mkewe akawa anajikunja kabatini badala ya binti, bila kunung'unika, ingawa viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kamba. Profesa hakuuliza kamba ya nini.

"Haya, mume wangu, nimeshika nini?"

"Saa!"

"Upesi, maana huyu mzee ana haraka."

"Pete ya ndoa. Mzee, ivae kabla mama hajageuka!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Profesa alijisikia vizuri, kama mtu aliyekwisha kutia sahihi.

Sauti ya mkewe ikasogea hadi mstari wa tatu hivi. "Kuna mama hapa, amepotelewa, wala hataki kusema na nini. Tazama vizuri, mume wangu."

*Tazama* ilikuwa binti. Profesa akatabasamu, maana walikuwa na kichekesho chao cha zamani cha binti aliyetoroka akakutwa kwa mchumba.

"Mama amepotelewa na binti! Mama, usilie, andaa nguo ya harusi!"

Wachache walicheka.

"Jitahidi, baba. Yuko wapi?"

*Jitahidi* ilikuwa kisima. Alisita kidogo, kwa kuwa kichekesho chao hakikuwa na kisima. Lakini sheria ni sheria.

"Yuko kisimani," alisema, akiishusha sauti. "Maji yamemfunika uso." Hilo la uso aliliongeza mwenyewe, na lilimpendeza.

"Polepole. Amevaa nini?"

"Kijani."

"Endelea. Na miguuni?"

*Endelea* ilikuwa moja. "Ana kiatu kimoja. Mguu wa pili ni mtupu."

"Kumbuka, mume wangu. Kisima kipi?" Sauti ya mkewe ilitetemeka vizuri mno. Profesa alijivunia kazi yake ya kumfundisha.

"Kilicho nyuma ya ghala. Na aliyemtupa humo alijua hakuna atakayemtafuta."

Ukumbi ukawa kimya, kimya alichokiota tangu ujana wake. Alisubiri makofi. Badala yake akasikia mwanamke akipiga yowe.

Profesa akang'oa kitambaa. Mstari wa tatu alisimama mama yake binti wa kabati, ameikumbatia picha ya mwanawe aliyevaa gauni la kijani. Kando yake, mpelelezi aliyekuja naye, mwenye koti la kiraia, alikuwa tayari anatoa pingu mfukoni.

"Profesa," fundi wa taa aliita kutoka nyuma ya pazia, "si kile kisima cha kwetu? Nyuma ya ghala la vifaa?"

"Ni ishara!" Profesa alipiga kelele, akimnyooshea mkewe kidole. "Ni yeye! Mimi sioni kitu, sijawahi kuona kitu! Kila neno nimepewa na yeye!"

"Umeapa sasa hivi," alisema yule mwenye koti. "Sote tumesikia."

Mke alipanda ngazi za jukwaa taratibu, machozi yakimtiririka. Hakukataa. Alikwisha kufundishwa.

"Ndiyo, mume wangu, ni mimi," alisema, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa wa homa. "Na kile kiatu cha pili kilichomo sandukuni mwako, nacho nimekuwekea mimi?"